Guro na Kengele ya Jumamosi

Guro alikuwa akisema kwamba siagi ya shamba la Nes ina chumvi nyingi kwa sababu mke wa Nes hulia akisukasuka maziwa, na kwamba siagi ya Midgarden ni nzuri ila wanaipaka mkateni kama watu wanaofuta vumbi. Alisema hayo akiwa amekaa mezani kwa watu, anakula chakula cha watu, hana nyumba, hana shamba, hana hata kuku wa kumwita wake. Mtadhani mtu wa namna hiyo angefunga mdomo. Basi hamkumjua Guro.

Alikuwa mtu wa zamu. Siku hizi wilaya imejenga nyumba ya maskini kule chini karibu na kanisa, ina madirisha na bomba la moshi, na anayeingia humo hasikiki tena. Mimi Bergit nilipoolewa hapa Kleivi, nyumba kama hiyo haikuwako bonde zima. Maskini tuligawana, kama tunavyogawana kazi ya barabara. Kila mwaka mavuno yakishaingia, wakubwa wa halmashauri ya maskini walikutana kwa mchungaji, wakanywa kahawa yake mpaka ikaisha, wakaandika nani hawezi tena kujilisha na nani atamlisha. Shamba kubwa lilikaa na mtu wake majuma mengi, shamba dogo machache, halafu anasogezwa kwa jirani, hivyo hivyo mpaka mwaka unazunguka. Rui, shamba kubwa kuliko yote, walikaa na Guro zaidi ya mwezi. Sisi wa Kleivi, huku juu ambako hata mbuzi hupanda akisali, tulikaa naye juma moja.

Jumapili baada ya mkutano huo, Sveinung mwenyekiti alipanda juu ya jiwe nje ya kanisa akasoma majina kwa sauti. Siku hiyo hakuna aliyekosa ibada, hata wale ambao Krismasi huwa na mafua. Wanaume walishika kofia mkononi kana kwamba wanasomewa Injili, kumbe wanasikiliza nani ameanguka. Jina la Guro lilikuwa la kwanza kila mwaka, naye alilipokea kwa kuinamisha kichwa kidogo, kama bibi harusi anayetambulishwa. Mimi nilikuwa nikisikiliza kama la kwetu lipo. Mama mkwe wangu alisikiliza hivyo hivyo kabla yangu, mkono kifuani, na baada ya hapo alikuwa anaumwa kichwa mpaka Jumanne.

Msinielewe vibaya, Guro hakuwa mvivu. Alianza kuchunga mbuzi za watu kabla hajapata meno ya ukubwani, na akakamua ng'ombe wa bonde hili mpaka vidole vikajikunja vikakataa kukunjuka. Hapo ndipo halmashauri ilipomwandika. Wengine wakiandikwa hutembea wameinama. Guro alijinyoosha. Alikuja na sanduku lake dogo la mbao, kijiko chake cha pembe kimechomekwa mkandani, akasimama mlangoni na kukagua jikoni kama mama mkwe aliyefika bila taarifa.

“Bergit mwanangu,” aliniambia mara ya kwanza, nikiwa bi harusi wa majuzi, “uji huu umeupika au umeuosha?”

Nilitaka kumpiga na mwiko. Mume wangu Tallak alicheka mpaka akalazimika kutoka nje, na nikamnunia yeye badala yake. Mwaka uliofuata niliongeza unga, nikamtengea Guro bakuli la kwanza. Akala, akalamba kijiko, akafikiri. “Sasa umeuosha na sabuni kidogo,” akasema. Miaka yote hiyo hakuwahi kuusifu uji wangu, na miaka yote hiyo hakuwahi kuacha hata tone kwenye bakuli.

Na ulimi wake ulikuwa na kazi. Alikotoka alijua nani kapata mimba, nani kauza farasi kilema kwa mtu wa bonde la pili, nani anaficha nyama mgeni akija. Kwa hiyo kila mama mwenye nyumba, juma ambalo Guro anatarajiwa, alipiga deki, akatoa jibini ya ndani. Hatukumwogopa Mungu vile. Mungu anasamehe, lakini Guro kesho yuko Midgarden.

Silaha yake nyingine ilikuwa kikohozi. Na hapa lazima niwaambie kanuni, maana bila hiyo hamtaelewa Aslak wa Rui alifanya nini.

Mtu wa zamu alihama Jumamosi, na mwisho wa juma ulikuwa ile kengele ya kanisa ya alasiri, inayoikaribisha Jumapili. Kengele ikilia, popote ilipomkuta maskini ndipo palikuwa kwake kwa juma zima linalofuata. Hivyo ndivyo Sveinung alivyoandika, kengele imemkuta kwa fulani, na hakuna aliyebishana na kengele. Na maskini akifia kwako, mazishi ni yako. Jeneza lako, bia ya wabebaji yako, chakula cha waombolezaji chako, na bonde zima lilihesabiwa kuwa waombolezaji.

Kwa hiyo mtu wa zamu akianza kuumwa, mashamba yalimkimbiza kama kaa la moto kiganjani. Nimeona kwa macho yangu mzee mmoja mwenye homa akipitishwa nyumba tatu kwa alasiri moja, kila nyumba inamfunika blanketi vizuri, inamtakia afya njema, inatandika farasi. Guro aliyaona hayo pia, akachota akili. Uji ukiwa mwepesi, alikohoa. Siagi ikichelewa, alikohoa mara mbili na kushika ubavu. Utamwona mama wa nyumba anakimbia stoo, baba wa nyumba anauliza kwa upole, “Bibi Guro, unajisikiaje?” Naye anajibu kwa sauti ya kaburini, “Labda kipande cha nyama kavu kingenisogeza mpaka Jumamosi.”

Kwa Aslak wa Rui alikohoa kuliko popote. Aslak alikuwa na msitu, alikuwa na ng'ombe wa kutosha kijiji, na alikuwa na mkono wa birika. Mkewe Ingerid alificha siagi asiione yeye Aslak, si Guro. Guro alisema Rui ndiko peke yake ambako alipata njaa akiwa amezungukwa na jibini.

Sasa mwaka ninaotaka kuwasimulia ulikuwa mwaka mbaya. Baridi ilikuja Agosti ikaua shayiri ikiwa bado ya kijani. Mwezi wa Novemba mti ulimwangukia Tallak mguuni, akalala kwenye benchi kama gogo jingine. Tuliuza kondoo. Tuliuza mbao alizokuwa amepasua za ghala jipya. Tukabaki na ng'ombe mmoja, Fagerlin, ambaye alikuwa na mimba na alikuwa anatupa maziwa kidogo, na kwa maziwa hayo na unga uliochanganywa na magome ya miti tulikuwa tunavuka siku. Nilijua kabisa hesabu yetu ilivyo. Fagerlin akiuzwa, hatutoboi mpaka kiangazi, na mavuno yakija Sveinung atapanda kwenye jiwe atutaje, Tallak apelekwe shamba moja na mimi shamba jingine, maana zamu haikujali ndoa. Nilikuwa nikiamka asubuhi nasikia jina letu likisomwa.

Jumamosi moja ya Februari, jua bado lipo, nikasikia kengele ndogo za farasi. Farasi wa Rui, mnene, anavuta sleji, lile gari la theluji lisilo na magurudumu. Mbele amekaa Gjermund mtumishi wa Rui, mtu mzima mwenye aibu zake. Nyuma kuna fungu la mablanketi. Kijiko cha pembe kimechungulia.

“Mama Bergit,” akasema Gjermund, haniangalii. “Nimetumwa.”

“Umetumwa nini? Zamu yetu haijafika. Aslak bado anadaiwa nusu ya siku zake.”

“Aslak anasema mtahesabiana baadaye. Anasema hewa ya juu ni nzuri kwa kifua.”

Nikafunua blanketi. Nilikuwa nimekizoea kikohozi cha Guro, nilijua ngazi zake zote, kuanzia cha siagi mpaka cha nyama. Hiki hakikuwa kimojawapo. Midomo ilikuwa ya bluu na pumzi ilipita kwa shida kama msumeno butu. Akafungua jicho moja.

“Usiniangalie hivyo,” akasema. “Nguo uliyovaa imechanika kwapani.”

Tallak aliita kutoka kwenye benchi. “Gjermund, mrudishe huyo mtu ulikomtoa.”

“Mzee Tallak, nikirudi naye, mimi sina kazi. Nina watoto.”

Akambeba Guro ndani kwa mikono yake, akamlaza karibu na moto taratibu sana, akamwekea sanduku lake miguuni. Akavua kofia, akavaa, akavua tena, akaondoka. Sikumlaumu. Ningemlaumu, lakini hasira zote zilikuwa za Aslak.

Tallak akanivuta mkono. “Bergit, sleji ya kuni iko hapo mlangoni. Njia ya magogo inateremka moja kwa moja mpaka uwanjani kwa Aslak. Mfunge vizuri, umshushe kabla ya kengele. Si dhambi. Ni wake.”

“Atanifia njiani.”

“Atakufia hapa. Halafu Fagerlin anaondoka.”

Tulidhani tunanong'ona. Watu wawili wenye hofu hawajui kunong'ona. Nikamtazama Guro, kasinyaa kwenye blanketi za Rui, ambazo, niwaambie, zilikuwa zile mbovu za farasi. Nikaona siwezi. Si kwamba mimi ni malaika. Nilifikiria sleji ile, nikaifikiria tena. Lakini ningemkokota vipi mtu anayekufa, mimi niliyemkasirikia Aslak kwa jambo hilo hilo dakika chache zilizopita?

“Liwalo na liwe,” nikamwambia Tallak. “Atakaa. Naenda kumkamulia maziwa ya moto.”

Tallak akageukia ukutani. Najua alikuwa analia, na hakutaka nione.

Nikaenda zizini. Nilikaa na Fagerlin muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka, kichwa changu ubavuni mwake, nasikia ndama anapiga teke huko ndani. Nilimwomba radhi. Najua, kumwomba ng'ombe radhi. Niliporudi na ndoo, mlango ulikuwa wazi na baridi inaingia kama imealikwa. Pale karibu na moto palikuwa patupu. Sanduku halipo. Tallak alikuwa amejikokota mpaka mlangoni, mguu wake mbovu nyuma, ameshika fremu.

“Ametoka,” akasema. “Ameamka, amejifunga shali, ameniambia nifunge mdomo, ametoka.”

Sleji ya kuni haikuwepo mlangoni.

Ile njia ya magogo, ieleweni, Aslak ndiye aliyeichimba. Kila msimu wa baridi magogo yake yaliteremka kutoka msitu ulio juu yetu, yakapita mbele ya nyumba yetu bila hodi, yakaishia uwanjani kwake. Katikati ya theluji paling'aa mfereji wa barafu, na kitu kikiingia humo hakitoki mpaka Rui. Mke wa Midgarden alikuwa kisimani. Aliapa mpaka kufa kwake kwamba alimwona Guro anapita ameketi wima, sanduku mapajani, shali inapepea nyuma, na kwamba alipokuwa anapita alimwamkia. “Alisema nini?” tulimuuliza. “Alisema theluji ya mwaka huu ni laini,” akajibu.

Nikashika njia nakimbia, nikaanguka, nikakimbia. Ndoo nilikuwa nayo bado. Msiniulize kwa nini.

Yaliyotokea Rui kabla sijafika nilisimuliwa na Gjermund, ambaye alikuwa uwanjani akimfungua farasi. Sleji iliingia langoni, ikagonga rundo la magogo, ikasimama. Aslak akatoka nje na kipande cha mkate mkononi. Akatazama sleji, akatazama mlimani, akatazama sleji tena.

“Guro,” akasema, “umesahau nini huku?”

“Nimesahau kufa, Aslak. Nipishe nipite.”

Akasimama kwa miguu yake, akapita kando yake, akaingia ndani. Hakukaa kwenye benchi la watumishi mlangoni. Alikwenda akakaa kwenye kiti cha Aslak mwenyewe, mwisho wa meza, akachomoa kijiko chake na kukiweka mbele yake. Ingerid akasimama na sufuria mkononi, hajui acheke au alie.

Aslak akarudi nje mbio. “Mfunge farasi! Mrudishe juu kabla ya kengele!”

Sasa Gjermund, ambaye alikuwa na vidole vyepesi kuliko wote pale Rui, ghafla akawa mzee. Mkanda huu hauingii, ule umeganda, farasi anakataa kuinua kichwa. Aslak akamnyang'anya kola ya farasi afanye mwenyewe. Mimi ndipo niliingia langoni, sina pumzi, ndoo imebaki nusu. Na kengele ikalia.

Inasikika vizuri sana bondeni, jioni ya baridi. Watu wa kwetu huvua kofia ikilia, ni desturi, mkono hufanya wenyewe. Aslak alivua kofia, akasimama katikati ya uwanja wake, kofia mkono mmoja, kola ya farasi mkono mwingine. Nilimwonea huruma kidogo, kiasi cha kijiko.

Ingerid alikuwa amemlaza Guro kwenye kitanda cha wageni, kile chenye mapazia ambacho mchungaji hulalia. Nikapiga magoti kando.

“Ni maziwa ya Fagerlin?” akauliza.

“Ndiyo, bibi.”

Akanywa, nusu ikamwagikia kidevuni. Nikamfuta. Nilikuwa nalia kabisa sasa, sikuficha.

“Bibi Guro, kwa nini? Nilikuwa nimesema ukae. Nilikuwa nakuletea maziwa.”

“Nilisikia ulichosema,” akajibu. Akavuta pumzi muda mrefu. “Lakini uji wako ni mwepesi, Bergit. Nimekuambia miaka yote. Mtu akifika kule juu anaulizwa mwisho alikula nini. Ningejibu nini mimi?”

Nikacheka huku kamasi zinanitoka. Yeye akageuza kichwa kwa Ingerid. “Siagi,” akasema. “Na usiipake. Niletee kopo.”

Alikufa Jumatatu asubuhi, na kopo lilikuwa tupu.

Aslak hakukata tamaa hapo. Alimwendea Sveinung na hoja ndefu, kwamba Guro alikuwa ameshaondoka kwake, kwamba kurudi kwa sleji si kurudi, kwamba mgonjwa hana akili. Sveinung alimsikiliza mpaka mwisho, akachovya kalamu.

“Kengele ilimkuta wapi?”

“Kwangu. Lakini—”

“Kwako,” akasema Sveinung, akaandika.

Niwaambie ukweli, mazishi yalikuwa mazuri. Aslak alikuwa bahili, lakini alikuwa Aslak wa Rui, na asingevumilia bonde zima liseme bia ya Rui ni maji. Kwa hiyo alilia ndani na kumimina nje. Kulikuwa na uji wa malai unaoogelea kwenye siagi, nyama kavu, jibini ya kahawia, na jeneza la msonobari usio na fundo. Watu walikuja hata kutoka bonde la pili. Mke wa Midgarden, midomo inang'aa mafuta, aliniinamia akasema, “Kufa kufaana, Bergit. Angeona siagi hii.” Tallak alikuja kwa magongo. Wakati wa kumbeba aliweka magongo chini, akaweka mkono wake juu ya jeneza na kuchechemea nalo hatua chache, mpaka Gjermund akampokea.

Fagerlin alizaa Aprili, ndama jike. Kiangazi kikaja, Tallak akaanza kutembea, na shayiri safari hii ikaiva.

Mavuno yalipoingia, Sveinung akapanda kwenye jiwe lake kama kawaida. Nilisimama na wanawake wengine, mkono kifuani, kama mama mkwe wangu. Akafungua karatasi, na jina la kwanza halikuwa Guro, na nikaona watu kadhaa wanatazama mahali alipokuwa akisimama, wakitegemea kumwona anainamisha kichwa. Sveinung akasoma la pili, la tatu, akaendelea mpaka la mwisho. Akakunja karatasi, akashuka.

Kleivi haikutajwa. Tukapanda mlima na Tallak, polepole kwa ajili ya mguu wake, na jioni ile nilipika uji, nikaongeza unga mara mbili.